Kufundisha usawa kwa vitendo sekondari: mwongozo kamili kwa mwalimu wa Dodoma

Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili usawa ni nini, atakujibu bila kusita, na kama ni msikivu darasani ataongeza Ibara ya 12 ya Katiba: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Kengele ikigongwa, wasichana wanashika mafagio na ndoo, wavulana wanatoka na mpira, na hakuna anayeona kuwa hapo pana swali. Mtihani atafaulu. Ubaguzi ukimpita mbele ya macho, hatautambua.

Mwongozo huu nauandikia mwalimu wa Uraia au Historia, au mlezi wa klabu, mwenye wanafunzi arobaini na kitu darasani na bajeti isiyovuka boksi la chaki. Kazi yote inachukua wiki nane hivi, ukiacha marudio ya hesabu ya mwishoni. Ukikosa muda, fanya hatua ya tatu, ya nne na ya tano, nyingine ziache.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: ukosefu wa usawa mtakaouigiza uwe wa kubuni, na ushahidi mtakaoukusanya uwe wa kweli. Walimu wengi hufanya kinyume chake. Wanawapanga wanafunzi mstari mmoja uwanjani na kutangaza: "Kama kwenu mna umeme, piga hatua mbele. Kama hujawahi kulala njaa, piga hatua mbele." Mazoezi ya namna hii yalitoka Marekani, na yanavutia kwa sababu matokeo yanaonekana mara moja. Lakini darasa la shule ya kata linajuana. Kila mtu anajua nani anatembea kutoka Nala na nani anashushwa getini kwa gari. Mtoto anayebaki nyuma peke yake hajifunzi lolote asilolijua. Amegeuzwa zana ya kuwafundishia wenzake.

Hata Jane Elliott, mwalimu wa Riceville kule Iowa, aliyewagawa wanafunzi wake wadogo kwa rangi ya macho Aprili 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, hadi leo ana wanaomsifu na wanaomlaumu. Msome, mjadili na walimu wenzako, ila zoezi lake usiliige. Watoto wale hawakuambiwa wanaingizwa kwenye nini, nasi wa kwetu tutawaambia.

Hatua ya kwanza: ruhusa na kalenda

Mwandikie mkuu wa shule barua ya ukurasa mmoja. Mwalimu wa taaluma atataka kujua silabasi inaingia wapi: mwonyeshe mada za haki za binadamu na za jinsia, na umwahidi kuwa kila zoezi litafungwa kwa muhtasari wa daftarini. Mwalimu wa ushauri nasaha aarifiwe mapema, kwa sababu ambayo utaiona hivi punde.

Muhula wa pili, Julai hadi Septemba, ndio wakati mzuri. Mvua za kwetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kuanzia Januari mahudhurio ya shule za pembezoni huyumba kwa sababu ya palizi na kulinda mashamba. Februari na Machi akiba ya mwaka jana imekwisha na ya mwaka huu bado iko shambani. Usianzishe mazungumzo ya nani anacho na nani hana wakati watoto wana njaa kweli. Novemba ni ya mitihani ya taifa. Ubaya wa Julai na Agosti ni upepo tu, kwa hiyo karatasi za uwanjani zitafutie mawe.

Hatua ya pili: makubaliano ya darasa

Tumia kipindi kimoja. Andikeni makubaliano kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani. Wanafunzi watapendekeza yao, ila haya matatu lazima yawemo.

La kwanza, hakuna atakayeulizwa habari za kwao. Akipenda kusema mwenyewe, asikilizwe, asipopenda, asichokonolewe.

La pili, yeyote anaweza kujitoa kwenye zoezi wakati wowote bila kueleza sababu. Atapewa daftari awe mwandishi wa darasa, anayerekodi anachokiona. Kazi hii iwe ya heshima: mpe nafasi ya kwanza kuzungumza zoezi likiisha, usije ukaifanya adhabu.

La tatu, yanayosemwa darasani hayapelekwi bwenini kuwa utani. Hapa uwe mkweli: usiwaahidi siri kamili. Waambie wazi kuwa ukisikia mtoto anapigwa, anaingiliwa au anaandaliwa kuozwa, utalipeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na kutoka hapo Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, haina gharama; iandike chini ya manila ibaki hapo hadi mwisho wa muhula.

Halafu kuna suala la lugha. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, na kwa kazi hii kinawafunga midomo walewale unaotaka kuwasikia. Omba ruhusa mjadala uende kwa Kiswahili na muhtasari wa mwisho uandikwe kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Mwenye kibao cha "No Kiswahili" shuleni kwake ataona ugumu, lakini mkuu wa shule akielezwa kwa utulivu huwa anaelewa.

Hatua ya tatu: kuihesabu shule

Kabla ya mchezo wowote, wapeleke wakahesabu. Gawa darasa makundi matano, kila kundi liwe na wasichana na wavulana, kalamu, na karatasi iliyochorwa jedwali. Wanaandika idadi tu, majina hapana. Kila kundi lina jambo lake kwa wiki moja.

Kundi la kwanza linahesabu kazi za mikono: nani anafagia darasa, nani anachota maji ya ofisi ya walimu, nani anafyeka, nani anabeba viti siku ya kikao cha wazazi, na kila kazi inachukua dakika ngapi. La pili linahesabu maswali ya darasani. Mtu mmoja anakaa nyuma vipindi viwili mfululizo na kuweka alama kila mwalimu anapomnyooshea mtu kidole: msichana au mvulana, aliyekaa mbele au nyuma. Mwombe ruhusa mwalimu mwenye kipindi, na uanze na vipindi vyako mwenyewe ili wenzako wasione umewatuma wapelelezi. La tatu linatembea shule nzima na utepe wa kupimia: milango mingapi ina ngazi bila njia ya kiti mwendo, upana wa mlango wa choo, umbali wa ubao hadi dawati la mwisho. La nne linahesabu uongozi: viranja, viongozi wa klabu, wanaosoma matangazo kwenye paredi. La tano linahesabu vyoo, matundu kwa idadi ya wanafunzi wa kila jinsi, na kama kuna chumba chenye maji na ndoo ya taka ambamo msichana anaweza kubadilisha pedi.

Wiki ikiisha, kila kundi linaandika matokeo yake ubaoni bila maoni. Hapo kaa kimya. Hesabu ya kufagia ndiyo huanzisha mzozo. Mvulana atasema, "Lakini sisi tunafyeka." Sawa, kufyeka ni mara ngapi kwa muhula na kufagia ni mara ngapi kwa wiki? Jedwali liko ubaoni, wazidishe wenyewe. Mara nyingine hesabu inawapa wavulana haki, maana ziko shule ambazo viboko na kazi nzito vinawaangukia wao peke yao. Ikiwa hivyo, iandikwe hivyo hivyo. Zoezi likianza kuonekana kama kesi ya wasichana dhidi ya wavulana, umepoteza nusu ya darasa.

Majedwali yatunze. Utayahitaji mwishoni.

Hatua ya nne: soko la vizibo

Huu ndio mchezo wenyewe. Wazo lake la msingi linatokana na mchezo uliobuniwa na Mmarekani Garry Shirts mwaka 1969. Hapa nimelipanga kwa darasa la watu 45 na vifaa vya grosari. Vipindi viwili mfululizo vinatosha kucheza, na mazungumzo yatahitaji viwili vingine kesho yake. Usichezeshe Ijumaa. Watoto watakaa Jumamosi na Jumapili na kinyongo.

Kusanya vizibo vya soda 225. Wenye grosari wa Majengo watakupa bure, wengine watakutazama kwa jicho la kukuuliza mwalimu umeanza lini. Paka rangi ya kucha: 36 vyekundu, 54 vya njano, na 135 viache vilivyo. Chekundu kina alama 10, cha njano 5, kisichopakwa 1. Atakayemaliza na vyekundu vitatu au zaidi anaongezewa alama 10. Ziko shule zinazotumia karanga na maharage. Zitaliwa kabla ya raundi ya pili, tena mwaka wa ukame Ugogo kuchezea chakula si adabu.

Andaa bahasha 45 zinazofanana kwa nje, kila moja na vizibo vitano:

Bahasha 9: vyekundu viwili, vya njano viwili, kisichopakwa kimoja. Jumla alama 31.
Bahasha 18: chekundu kimoja, cha njano kimoja, visivyopakwa vitatu. Jumla 18.
Bahasha 18: cha njano kimoja, visivyopakwa vinne. Jumla 9.

Waambie kuwa huu ni mchezo wa biashara, kwamba bahasha hazifanani ndani kama maisha yasivyofanana, na kwamba kila mmoja anachukua kwa bahati. Zichanganye kwenye ndoo mbele yao. Kiasi cha tofauti usikitaje, na alama za kuanzia wasitangaziane.

Raundi ya kwanza, dakika nane. Wanazunguka, wanabadilishana vizibo kwa makubaliano ya watu wawili, na kila biashara inafungwa kwa kupeana mkono. Muda ukiisha kila mtu anahesabu na kuandika jina na alama ubaoni. Tisa wa juu wanakaa mbele kwenye viti vizuri, waite Mlimani. Kumi na nane wanaofuata ni Bondeni. Waliobaki ni Korongoni, wanakaa nyuma au wanasimama. Wapongeze Mlimani kwa sauti: "Hawa wamechangamka, wanajua biashara."

Raundi ya pili, kusanya vizibo, rudisha kila bahasha ujazo wake wa mwanzo, na ugawe kwa kundi: Mlimani wanapata bahasha za alama 31, Bondeni za 18, Korongoni za 9. Wakilalamika, sema hizo ndizo kanuni. Dakika nane tena. Mtu akipanda au kushuka, mhamishe kiti. Watapanda wachache sana.

Kabla ya raundi ya tatu, tangaza kuwa kwa kuwa Mlimani wamethibitisha uwezo wao, wanatoka nje dakika tano kutunga kanuni mpya zitakazowahusu wote. Wengine wanaweza kutuma maombi kwa maandishi. Mara nyingi watakaorudi watakuwa wametunga kanuni za kujilinda: kila anayetaka kubadilishana na Mlimani alipe kizibo kwanza, au Korongoni wasisogee hadi waitwe. Mara chache hutokea kundi lenye huruma likaamua kugawa upya, nalo lina mazungumzo yake. Wachezeshe kanuni hizo dakika tano tu na uangalie Korongoni. Wengine wataacha kucheza na kuanza kupiga soga, wengine wataiba, mmoja wawili watataka kupindua meza. Yote yaandikwe na waandishi wa darasa. Simamisha mchezo mapema kuliko unavyotamani.

Kabla ya kengele wavue nafasi zao. Kila mtu anarudisha vizibo, anahama kiti, anamwita jirani yake kwa jina na kumsalimu. Ukiruka hapa, mtoto atashinda wiki akiitwa "Korongoni" njiani.

Hatua ya tano: mazungumzo

Mchezo bila mazungumzo ni burudani tu, na mazungumzo yenyewe yapewe muda sawa na mchezo. David Kolb, aliyeeleza mzunguko wa kujifunza kwa uzoefu mwaka 1984, aliupanga kwa vituo vinne: mtu anapitia jambo, analitafakari, analitoa kanuni, anaijaribu kanuni hiyo mahali pengine. Maswali yafuate njia hiyohiyo.

Anza na "Nini kilitokea?" peke yake. Waandishi wa darasa wasome walichorekodi. Mtu akianza kuhukumu, mrudishe: tueleze ulichokiona kwanza.

Kisha, "Ulijisikiaje?" Waandike dakika tatu kwenye kipande cha karatasi bila jina, uzikusanye na kuzisoma wewe. Ukiuliza kwa mdomo watajibu wale watano wa kila siku.

Sasa uliza kwa nini Mlimani walishinda. Utasikia, "Madam, wale walizubaa tu, sisi tulichangamka." Usimbishie. Chukua chaki, uandike ujazo wa bahasha tatu ubaoni, halafu fanyeni hesabu ya biashara moja pamoja. Mtu wa Mlimani ana vyekundu viwili, vya njano viwili, kimoja kisichopakwa: 31. Anamwendea wa Bondeni mwenye alama 18 na kumwambia, nipe chekundu chako, nikupe vya njano viwili na hiki kimoja. Wa Bondeni anatoa 10 na kupata 11. Amefaidi, sasa ana 19. Wa Mlimani anabaki na vyekundu vitatu, alama 30, na nyongeza ya 10: sasa ana 40. Biashara ni ya hiari, kila mmoja ameridhika, hakuna aliyemwibia mwenzake, na pengo lililokuwa 13 limekuwa 21. Wa Korongoni na alama zake 9 hana hata cha kununulia chekundu kimoja.

Waache waitazame hesabu hiyo. Ndipo atakapotokea mtu wa kusema, "Kwa hiyo hata ningechangamka vipi…" na sentensi asiimalize. Mmalizie kwa swali: kuchangamka kulisaidia kiasi gani? Maana kulisaidia, na ni uongo kusema juhudi hazina maana. Wapo waliopanda. Darasa lipime lenyewe sehemu ya juhudi na sehemu ya bahasha.

Swali la nne: hali hii imefanana na nini mnachokijua? Sikiliza, andika ubaoni, usihubiri. Watataja tuisheni, mirathi, ajira za kujuana, viwanja. Mwisho: kanuni gani moja mngeibadilisha ili mchezo uwe wa haki, na nani angepinga?

Hatua ya sita: kadi za wahusika

Sasa mnaweza kwenda uwanjani kupiga hatua, ila kila mtu akiwa na kadi ya mtu wa kubuni. Tunga kadi kumi na tano, nakili tatu tatu. Mifano:

"Una miaka 15, unaishi Nkuhungu kwa mama mdogo. Kabla ya shule unachota madumu matatu."
"Una miaka 16, unatumia kiti mwendo. Kila mlango wa shule yenu una ngazi."
"Una miaka 17. Ulijifungua mwaka jana, mtoto yuko kwa bibi huko Bahi."
"Una miaka 14, mvulana. Kiangazi kikikaza ng'ombe wa baba wanahamishwa, nawe ndiye mchungaji."
"Una miaka 15, una ualbino. Kwa sababu ya urefu umekalishwa nyuma, ubao huuoni."
"Una miaka 16. Mama ni mtumishi, mwalimu wa tuisheni anakuja nyumbani."

Kadi isitaje kabila, na uihakiki isije ikafanana na mtoto halisi wa darasani. Soma kauli kama nane, "unafika shule kabla ya kipindi cha kwanza", "una saa moja ya kujisomea usiku", kila mtu apige hatua au abaki.

Raundi ya pili ndiyo yenye uzito. Warudishe wote mstarini na usome miaka. "Ni 2015." Ada ya shule ya kutwa ya serikali ni Sh 20,000 kwa mwaka, bila michango: ambaye mhusika wake hana, arudi hatua mbili. "Ni 2016": ada imefutwa hadi kidato cha nne, wasogee. "Ni 2020": mwenye kadi ya binti aliyejifungua atoke uwanjani kabisa, asimame chini ya mti. Aendelee kusimama huko huku wengine wakisonga. "Ni Novemba 2021": waraka wa serikali unawaruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi kwenye shule rasmi. Arudi. "Ni 2022": ada ya kidato cha tano na sita nayo imefutwa. Mtoto aliyesimama chini ya mti atakuwa na la kusema kuliko wote, na jambo hilo halikuwa lake binafsi, kwa hiyo atasema kwa uhuru.

Hapa wanaona kuwa mistari ya uwanjani inachorwa na kanuni, na kanuni hubadilishwa na watu. Waeleze pia za ndoa: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, mvulana hadi atimize 18. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha mwaka 2019. Kwa kidato cha tatu na kuendelea ongeza suala la shamba: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, wakati kanuni za kimila za urithi zilizotangazwa 1963 zinamweka nyuma ya kaka zake. Waachie mjadala huo. Ni mgumu hata kwa mawakili.

Hatua ya saba: hesabu ya dumu

Kazi hii inafaa zaidi Dodoma kuliko ziara yoyote, na nauli yake ni sifuri. Jiji linategemea kwa sehemu kubwa visima vya Makutupora, na tangu serikali ilipohamia hapa watu wameongezeka kuliko mabomba. Kila kundi lilete bei tatu: uniti moja ya maji kwenye bili (tumia bili yako wewe mwalimu), dumu la lita 20 kwenye kioski, na dumu likiletwa na mwenye mkokoteni mtaani.

Uniti ni lita 1,000, yaani madumu 50. Wazidishe. Dumu likiwa Sh 100, uniti imefika Sh 5,000. Likiwa Sh 300, ni Sh 15,000. Waweke pembeni bei ya bili. Wataona wenyewe kwamba asiye na bomba analipa zaidi kwa tone lilelile. Halafu waongeze muda: dakika za kwenda, foleni na kurudi, mara idadi ya safari, na nani nyumbani anayezitoa. Dumu lililojaa lina kilo 20 za maji. Liweke dumu moja mbele ya darasa na uwaombe wanaojua kulibeba waeleze mbinu ya kujitwisha. Siku hiyo walimu ni wale ambao kwenye Hisabati hawanyooshi mkono.

Ukipata basi, nenda Kongwa

Ziara ya Bunge ina faida zake, ila kwa somo hili watoto hurudi na picha tu. Kongwa ni bora. Pale palikuwa na mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulioteketeza mamilioni ya pauni. Majengo yakatumika kwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, enzi ambayo Wazungu, Waasia na Waafrika kila kundi lilikuwa na shule zake. Utaratibu huo wa kutenganisha shule kwa rangi ulifutwa rasmi kuanzia Januari 1962. Kuanzia 1964 Kongwa hiyohiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO. Waandikie halmashauri mapema, na mkifika wape wanafunzi maswali mawili tu: nani aliruhusiwa kuingia hapa mwaka 1950, na nani mwaka 1965?

Kuna jambo moja usilifanye. Usiwapeleke wanafunzi shule ya wasioona ya Buigiri "kuwaona wenye ulemavu", na mchele na sabuni mkononi kwa ajili ya kupiga picha. Mkienda, mwende kwa makubaliano ya kujifunza: wenyeji wawafundishe wageni kusoma nukta nundu, na wageni wapewe jaribio mwisho wa siku. Watafeli, na kufeli huko ndiko kunakotakiwa.

Hatua ya nane: igizo linalokatizwa

Wanafunzi watunge igizo la dakika tano kutokana na majedwali ya hatua ya tatu, liishie vibaya. Lirudiwe, na safari hii mtazamaji yeyote aseme "simama", aingie badala ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Sisi mbinu hii si ngeni: mradi wa Tuseme, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, uliwapa wasichana wa sekondari sanaa za maonyesho wasemee matatizo yao. Ongezeni ngoma. Na akitokea mvulana wa kusema ngoma hazipigwi na wanawake, muulize muheme ya Wagogo hupigwa na nani.

Hatua ya tisa: kubadilisha kitu kimoja, na kuhesabu tena

Darasa lichague jambo moja lililo ndani ya uwezo wa shule. Zamu za usafi zinazochanganya jinsi, zikiwa na majina kwenye karatasi na kiranja wa kuzisimamia. Njia ya zege ya kiti mwendo mlango mmoja, mifuko miwili ya saruji na fundi mzazi. Utaratibu wa mwalimu kuita majina kwa kuchomoa kijiti kwenye kopo badala ya kunyoosha kidole. Wawakilishi waende kwa mkuu wa shule na jedwali mkononi, wakiwa wamefanya mazoezi ya kuzungumza kwa adabu na bila kutetereka. Anaweza kukataa. Wamwombe sababu kwa maandishi, na wachague jambo la pili.

Usipime kwa kuuliza maana ya usawa, hilo walilijua tangu mwanzo. Wiki sita baada ya mabadiliko, makundi yaleyale yarudie hesabu yaleyale kwa majedwali yaleyale. Namba zikisogea, zibandikwe ubao wa matangazo pamoja na zile za kwanza. Zisiposogea, zibandikwe vilevile, na kila kundi liandike nusu ukurasa: nani alipoteza nini zamu zilipobadilika, na alifanya nini kuzirudisha zilipokuwa. Nakala moja ya kila jedwali ibaki kwenye faili la klabu, maana mwaka kesho kidato cha pili wapya watahitaji namba za kulinganishia, na nawe huenda ukawa umeshahamishwa shule.